Sura ya Saba: Gesi Isiyoitika

Hewa ilikuwa safi, na usafi huo ndio uliokuwa ukimsogeza Mbarak karibu na kitanzi.

Daktari Kahaso hakulijua hilo. Alitabasamu, akiamini ameleta habari njema, akamsogezea Inspekta Mwanapili kiti mbele ya kompyuta. Walikuwa kwenye chumba kilichotiwa giza katika kituo kidogo cha utafiti wa mikoko, nje kidogo ya mji wa Msambweni. Kazi ya Kahaso ya kila siku ilikuwa kupima gesi zinazofuka kwenye matope ya mikokoni, na kwa kazi hiyo alikuwa na leza yenye mwanga wa kijani ambao haukodolewi macho bila miwani yake maalumu. Mwanapili alimwomba msaada kwa sababu maabara ya serikali ilimwahidi majibu baada ya wiki kadhaa, naye muda wake ulikuwa unakwisha mchana wa siku hiyo hiyo.

"Sumu ya moshi wa jenereta ingekuwamo tungeiona hapa," Kahaso alisema, akigusa kioo cha kompyuta mahali palipokuwa tambarare kama sakafu. "Ina mlima wake. Mimi sioni hata kichuguu."

Alieleza kwa subira, kama mtu aliyezoea wageni. Gesi huingizwa kwenye kichumba cha kioo, leza ikapita katikati yake. Molekuli zikipigwa na mwanga ule hutetemeka, na zikitetemeka hurudisha mwanga kidogo uliobadilika rangi. Kila gesi hutetemeka kwa namna yake, wala haziigani. Kompyuta huzipokea rangi hizo ikazichora kama milima, na mwenye kujua milima huijua gesi. Ya siku hiyo ilikuwa miwili tu: oksijeni ishirini na moja katika mia, na iliyobaki naitrojeni.

"Hewa ya kupumua kabisa," alimalizia. "Ungeweza kumpa mtoto mchanga."

Sajini Kombe, mtu mzima wa Kinango aliyeiheshimu mashine ile kwa kukaa nayo mbali, alikohoa pale mlangoni. Yeye na Mwanapili walikuwa wakifikiria jambo moja.

Ijumaa moja, siku kumi zilizopita, Alamin, mpiga mbizi wa duka moja la mbizi kule Galu, alishuka baharini na mtungi wa manjano mgongoni, akapandishwa juu maiti. Aliyekuwa naye chomboni ni mtu mmoja tu, Mbarak, kijana wa Mwabungo aliyekuwa mjazaji wa mitungi wa duka hilo hilo. Galu nzima ilisema ni moshi, kwa kuwa mashine ya kujazia hewa ilikuwa imewekwa pua na mdomo na jenereta. Ingekuwa moshi, Mbarak alikuwa mzembe, na uzembe una adhabu yake ambayo mtu huimaliza akarudi kwao. Lakini kama hewa ilikuwa safi, basi kilichomuua Alamin ni mikono. Maiti ilikuwa na michubuko shingoni, wawili hao walisikika wakifokeana siku chache kabla, na mikono iliyokuwapo baharini ilikuwa ya Mbarak peke yake.

Mwanapili alitoka nje akampigia Mkuu wake wa upelelezi, akampa majibu kama yalivyo. Alijaribu kuongeza kwamba ana wasiwasi. Mkuu alimwambia wasiwasi hauandikwi kwenye hati ya mashtaka, kwamba siku walizopewa na hakimu zimekwisha, na kwamba mshukiwa atapelekwa Kwale akasomewe shtaka la kuua kwa kukusudia kabla mahakama haijafunga.

"Si hewa ilikuwa safi?" Mkuu aliuliza.

"Ilikuwa safi, afande."

"Basi maneno yamekwisha."

*

Kwenye benchi la kituo cha polisi alikuwa ameketi Bi Twaiba, mama yake Mbarak, na kikapu cha chakula mapajani. Tangu mwanawe akamatwe alikuwa hakosi siku, na askari walikwisha kumzoea hata wakawa wanamwachia upande wa benchi wenye kivuli.

"Shikamoo mama," Mwanapili alisema.

"Marahaba mwanangu. Majibu ya ile hewa yamekuja?"

"Yamekuja. Hewa ilikuwa nzuri."

Bi Twaiba alifumba macho. "Alhamdulillahi," alisema. "Nilijua. Mwanangu hawezi kumpa mwenziwe hewa mbovu." Akafunua kikapu amwonyeshe wali wa nazi na samaki wa kupaka aliomletea, kwa vile leo labda angekula kwa raha. Mwanapili aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni. Alipita haraka, akaagiza Mbarak aletwe chumba cha mahojiano.

Mbarak aliingia akiwa amekonda. Mwanapili hakumpa majibu. Alianza na jambo ambalo mahojiano yote ya nyuma yaliligusa kidogo tu, yakapita.

"Mtungi wa Alamin uliuonja?"

"Niliuonja, afande. Mbele yake."

Kombe, aliyeketi pembeni, aliinua uso, na Mwanapili akamtaka kijana aeleze tangu mwanzo. Kwa wapiga mbizi wa Galu, Mbarak alisema, mjazaji hamkabidhi mtu mtungi mpaka avute pumzi yeye kwanza, mwenye kushuka akimwangalia. Wenyewe wanasema kuonja, kama mpishi na chungu chake. Akishaonja hufunga kitambaa shingoni mwa mtungi, na kuanzia hapo hakuna wa kuuonja tena. Kuuonja mara ya pili ni kumwambia mwenzako mbele za watu kwamba ni mwongo au hajui kazi.

"Uliuonja wakati gani?"

"Asubuhi, ile Ijumaa. Niliijaza miwili, wake na wa akiba. Nikaionja yote, nikaifunga vitambaa, nikaitia stoo. Tukenda kuswali. Tuliporudi tukaipakia chomboni."

"Ufunguo wa stoo anao nani?"

"Mmoja ninao mimi. Mwingine anao bosi."

"Bosi aliswali pamoja nanyi?"

Mbarak alifikiri. Bosi wao, Bwana Abubakar, alikuwa mtu wa safu ya mbele, msikiti wa Galu, Ijumaa zote. Ile Ijumaa hakumwona. Baadaye alisikia kwamba aliswali Ukunda, kwa kuwa kwenye karakana yake ya huko kulikuwa na kazi.

"Na mlipopakia, mshale wa kipimo ulikuwaje?"

Kijana alitazama viganja vyake.

"Wa akiba ulikuwa umejaa. Wa Alamin mshale ulikuwa umeshuka kidogo. Akanitania kwamba nimeonja hata nikashiba. Niliona umeshuka, afande. Ningeuonja tena. Lakini ningeonekana vipi? Kitambaa changu mwenyewe kilikuwa bado kimefungwa. Nikanyamaza."

Mwanapili alimuuliza yeye na Alamin walikuwa wakigombea nini siku zile. Mbarak alisema waligombea boti. Boti la alumini la kuvulia samaki wakubwa lilikuwa limezama nje ya mwamba wa Galu, na baharia mmoja akafa humo. Chini ya boti lile palikuwa na kiraka kilichochomelewa na Bwana Abubakar mwenyewe. Alamin alikuwa amekiona kiraka siku aliyoshuka kuitoa maiti, akasema kimefunguka kama mfuniko wa bati, na Ijumaa ile alikuwa anashuka kwenda kukipiga picha awapelekee wachunguzi wa ajali. Mbarak alimwambia duka litafungwa na wote wawili watakosa kazi. Ndiyo ilikuwa kelele waliyoisikia majirani.

"Na michubuko shingoni?"

"Nilipoona mapovu yamekatika niliruka kwa pumzi yangu, nikamkuta ananing'inia kwenye kamba, hakufika hata nusu ya kina. Kipumulio kimemtoka mdomoni. Macho wazi, afande, kama mtu anayewaza. Nilimkamata nilipoweza kumkamata nikamvuta."

Askari wawili walitoka nje. Mwanapili alisimama uani, mikono kiunoni, akijisemea. Mshale ulishuka ndani ya stoo iliyofungwa. Kwa hiyo mtu aliingia akaufungua mtungi, na kitambaa akakirudisha. Lakini hewa iliyopungua haimuui mtu, humfupishia safari tu. Ili kuua lazima kitu kiingie, na leza ilikwisha kuapa kwamba hakuna kilichoingia.

"Kombe," alisema, "gwaride la utambulisho huwa tunalipangaje?"

"Mshukiwa katikati, afande, na wengine wanaofanana naye kushoto na kulia."

"Tukimsimamisha mshukiwa peke yake?"

"Hakimu atatutupa nje, na atakuwa na haki."

"Basi ule mtungi tumeusimamisha peke yake."

Mtungi wa akiba ulikuwa kwenye chumba cha vielelezo, wa manjano vile vile, haujaguswa na mtu tangu siku ya msiba. Kombe aliubeba begani mpaka garini. Walipolipita benchi, Bi Twaiba aliwaombea dua ya safari njema, naye hakujua wanakwenda wapi.

*

Kahaso hakufurahi kuwaona tena. Aliwaambia kwa adabu kwamba mashine yake anaijua. Mwanapili naye akamwambia kwa adabu kwamba hataki kumfundisha kazi, anachotaka ni kuona mitungi miwili ikisimama bega kwa bega, na hewa ya pale dirishani ikiwa shahidi wa tatu.

"Sijawahi kupima hewa ya dirishani," Kahaso alisema. "Ya nini?"

Ilimbidi aeleze anavyofanya kazi, na katika kueleza ndipo uso wake ulipoanza kubadilika. Gesi za matope yeye huzitazama kwa mafungu. Anataka kujua methani ni fungu gani, na hewa ukaa ni fungu gani. Kompyuta hujumlisha gesi zote inazoziona, ikaziita mia, kisha ikagawa. Urefu wenyewe wa milima hakuwa na haja nao, maana matope ya mikokoni hayajapata kumficha kitu. Huo ndio mtindo wa kituo tangu mashine ilipofungwa, na hakuna aliyepata kuuliza.

Aliingiza hewa ya mtungi wa akiba kwenye kichumba cha kioo, akairekebisha mpaka shinikizo likawa kama la asubuhi. Milima miwili ilipanda mpaka ukingo wa juu wa kioo. Akaingiza hewa ya dirishani kwa shinikizo lile lile. Ikapanda vile vile. Kisha akarudisha ya mtungi wa Alamin.

Milima ilikuwa ile ile miwili, mafungu yale yale, ishirini na moja kwa sabini na tisa. Lakini ilikuwa vilima. Haikufika hata theluthi ya ile mingine.

Kahaso alifungua kichumba, akafuta vioo vyake kwa spiriti, akakagua nguvu ya leza, akagonga kipimo cha shinikizo kwa kucha. Alirudia kila kitu tangu mwanzo. Kombe alikwisha kuusahau woga wake, yuko nyuma ya kiti ananyoosha shingo. Vilima vilirudi vilivyokuwa.

"Shinikizo halijabadilika," Kahaso alisema polepole. "Kichumba kimejaa. Ila walioitika ni kama robo."

"Na robo tatu?"

"Wamo ndani. Hawaitiki." Alivua miwani. "Inspekta, mimi ndiye niliyekuandikia kwamba hewa hii ni nzuri."

"Uliandika ulichokiona. Sasa niambie nani asiyeitika."

Kahaso alivuta pumzi. Molekuli ya oksijeni ni atomi mbili zilizoshikana, alisema, kama watu wawili walioshika kamba moja huku na huku. Mwanga ukiwapiga, kamba hutetemeka, nasi tunaiona. Lakini ziko gesi ambazo kila atomi inaishi peke yake. Haina wa kushikana naye, haina kamba, na leza hii ikipita katikati yake ni kama imepita nyumba tupu. Haina rangi wala harufu. Wala si sumu. Ile hewa tunayovuta kila siku inayo kidogo, na haimdhuru mtu.

"Basi inauaje?"

"Kwa kukaa mahali pa oksijeni. Na mwenye kuivuta hahisi kukosa pumzi. Kifua kinapanda, kinashuka, anaona yuko sawa. Akili inazimika tu."

Macho wazi kama mtu anayewaza, Mwanapili alikumbuka. Alishukuru kimoyomoyo kwamba Alamin hakuogopa, na hapo hapo hasira ikampanda kwa yule aliyemchagulia kifo cha namna hiyo.

Kahaso alisema gesi za aina hiyo zinazopatikana madukani ni mbili, heliamu na argoni, na kuzitofautisha hakuhitaji leza. Moja ni nyepesi kuliko hewa, nyingine nzito. Walileta mizani ya kituo, wakaipandisha mitungi mmoja mmoja. Ilikuwa ya kiwanda kimoja, na uzito wake ikiwa mitupu ulikuwa umegongwa shingoni, sawasawa kwa yote miwili. Mtungi wa akiba ulikuwa umejaa pomoni. Wa Alamin mshale ulikuwa umeshuka, nao ndio uliokuwa mzito zaidi.

"Argoni," Kahaso alisema.

Kombe alipiga paji la uso. Argoni aliijua. Shemeji yake alipotengenezewa fremu za alumini za duka lake, fundi alikuja na mtungi mrefu wa gesi hiyo, akasema alumini bila argoni haichomeleki, inafanya malengelenge tu. Mwanapili alimuuliza fundi huyo alitoka karakana gani. Kombe alijibu kwamba ni ile ya Ukunda, karibu na Kona ya Musa. Ile ya Bwana Abubakar.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, nao hawakuwa na leza.

Simu ya Kombe ililia kabla hawajafika garini. Ilikuwa kutoka kituoni. Gari la Kwale lilikuwa limeondoka, na Mbarak yumo. Bi Twaiba ameambiwa, na ameketi pale pale kwenye benchi, kikapu hakijafunguliwa. Kombe alitaka wakimbilie mahakamani na mizani na kila kitu. Mwanapili alikataa. Mizani ingesema mtungi una argoni. Isingesema nani aliitia, na mjazaji wa mitungi alikuwa ni yule yule Mbarak.

"Funga kipumulio kwenye mtungi wa akiba," alisema. "Na uutundike kile kibandiko cha kielelezo cha mtungi wa Alamin."

*

Bwana Abubakar aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa makamo mwenye ndevu zilizotiwa hina, mpole wa maneno, na ofisi yake ilikuwa chumba kidogo ubavuni mwa karakana, mlango wazi, sauti za tupa na misumeno zikiingia. Alimimina kahawa yenye tangawizi, akawapa wageni, akajimiminia na yeye. Waliulizana hali, wakaulizana na watu wa nyumbani. Kombe alinywa funda mbili, akasema anatafuta geti la nyumbani Kinango, je, anaweza kutazama kazi za vijana? Abubakar alimwambia karakana ni yake.

Mwanapili alimweleza kwamba majibu ya maabara yametoka, na hewa ilikuwa safi.

Kilichopita usoni mwa Abubakar kilikuwa kifupi, lakini Mwanapili alikuwa anakingoja. Mabega yalishuka. Kisha akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema innalillahi, kwamba Mbarak ni kijana aliyemlea kwenye kazi, kwamba hasira ni shetani. Alikunywa kahawa.

"Mtungi hatuuhitaji tena," Mwanapili alisema. "Nimekurudishia."

Aliuvuta kutoka nyuma ya kiti chake, akausimamisha katikati yao, kibandiko cha polisi kikining'inia shingoni. Abubakar aliutazama, akasema kijana atauchukua.

"Galu nasikia mtungi haupokelewi mpaka uonjwe."

"Hayo ni mambo ya vijana."

"Ni desturi nzuri. Mjazaji wako yuko njiani kwenda Kwale. Aliyebaki ni mwenye duka." Alimnyooshea kipumulio. "Pumzi tatu nne tu. Nipate kuandika kwamba umeupokea mzima."

Abubakar alicheka kidogo. Mkono hakuunyoosha.

"Leo ni Jumatatu, Inspekta. Nimefunga."

Mwanapili alitazama kikombe alichokishika. Abubakar naye alikitazama. Alikiweka mezani taratibu, kahawa imebaki nusu, akasema alikusudia kufunga lakini alipitiwa, na hata hivyo kifua chake hakimruhusu, ana mafua. Mwanapili alimwambia hewa safi ni dawa ya mafua. Mzee alisema vitu vya kutia mdomoni vina uchafu. Kila udhuru ulikuja mwepesi kuliko uliotangulia, na jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo.

"Si neno," Mwanapili alisema. "Nitauonja mimi."

Alitia kipumulio kinywani, akafungua vali, akavuta. Mtungi ulipiga mluzi mdogo. Akatoa pumzi, akavuta tena, hana haraka, macho yake yako kwa Abubakar. Mzee alisema haifai, si kazi ya mwanamke mwenye heshima zake. Mwanapili alivuta. Mzee alisema angalau asivute nyingi. Mwanapili alivuta. Misumeno nje ilikuwa imenyamaza, na mle ofisini ilibaki sauti ya pumzi peke yake, inaingia na kutoka. Aliacha kope zimlegee. Akakiacha kidevu kishuke polepole mpaka kifuani.

Kiti kilianguka. Abubakar aliiruka meza na kahawa yake, akamkamata kichwa, akaking'oa kipumulio mdomoni mwake kwa nguvu hata ukingo wa mdomo ukachanika.

"Toa, mama, toa. Utakufa."

Mwanapili aliinua uso. Alijifuta damu kwa kidole.

"Kwa hewa safi?"

Abubakar alibaki ameinama, kipumulio mkononi. Alikitazama, akamtazama Inspekta, na Mwanapili akaona wakati ule ule alipoelewa.

"Huu ni wa akiba," alimwambia. "Ameujaza Mbarak, na ni hewa ya Galu tupu. Ule mwingine uko Msambweni kwenye mizani."

Kombe alikuwa amesimama mlangoni. Mkononi alikuwa na mpira mnene wa kupitishia gesi aliouokota nyuma ya mitungi mirefu ya argoni. Ncha yake moja ilikuwa na nati ya mtungi wa kuchomelea, na nyingine ilikuwa na kibano cha mtungi wa mbizi, kimechomelewa vizuri, kazi ya fundi. Aliuweka mezani juu ya kahawa iliyomwagika.

Abubakar aliketi sakafuni pale pale, kanzu yake ikilowa. Mwanapili alimpa onyo la kisheria, neno kwa neno, akamuuliza kama amelielewa, mzee akaitikia. Kisha alisema bila kuulizwa kwamba alidhani Alamin angejisikia vibaya, apande juu, aogope, aachane na kile kiraka. Hakuwa na nia ya zaidi ya hapo. Mtu huyu alikuwa ameruka meza kumwokoa Mwanapili, na alimwokoa kwa moyo wake wote. Ijumaa ile alikuwa na muda wote wa sala kurudi stoo akaumwage mtungi, wala hakurudi. Hilo lilimuuma Mwanapili kuliko uwongo wote aliokwisha kusikia siku hiyo.

Alitoka uani, akampigia Mkuu. Huko Kwale palikuwa na kelele za koridoni, na nyuma yake sauti ya karani ikiita majina. Mwanapili alimwambia asimamishe kila kitu, Mbarak asisomewe neno, mwenye kosa ameshikwa, kifaa kimepatikana, na Daktari Kahaso yuko njiani na taarifa mpya. Alimsikia Mkuu akimwambia mtu amrudishe kijana kwenye benchi, amfungue pingu.

"Lakini Inspekta," Mkuu alisema, "asubuhi si uliniambia hewa ilikuwa safi?"

"Ilikuwa safi, afande," Mwanapili alisema. "Ila haikumtosha mtu."